Sababu Tatu za Usahaulifu wa Mwanamke wa Makamo

Mji wa Babati, ulio chini ya Mlima Kwaraa, ni njia panda ya barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, mji huo ulifanywa makao makuu yake. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 48 auzaye mahindi katika soko la mji huo. Huanza kazi tatu asimalize hata moja. Husahau deni alilomkopesha mtu jana. Hulowa jasho usiku wa baridi, na jioni hunywa pombe ili apate usingizi. Jirani mmoja humwita mvivu, wa pili humwita mlevi, wa tatu hudai kuwa amerogwa. Sayansi ina jibu jingine: huenda mambo matatu yamekutana katika ubongo mmoja, na kila moja lina tiba yake.

Ovari na Ubongo

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuonekana. Kwa wanawake wengi jambo hili hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kiasi cha homoni ya estrojeni itolewayo na ovari huanza kupanda na kushuka, kisha hupungua kabisa. Kazi ya estrojeni si uzazi peke yake. Ikipungua, sehemu ya ubongo inayorekebisha joto la mwili huvurugika, na mwili hutoa jasho kana kwamba umechemka. Aidha, estrojeni husaidia kazi ya dopamini, kemikali ipelekayo ujumbe baina ya seli za neva na kumwezesha mtu kushikilia jambo moja hadi mwisho. Si ajabu basi kwamba wanawake wengi husahau majina na hesabu katika kipindi hiki.

Msichana Aliyetazama Dirishani

Jambo la pili ni upungufu wa umakini, hali ya ubongo ianzayo utotoni na ambayo kwa sehemu kubwa hurithiwa. Mvulana mwenye hali hiyo mara nyingi hurukaruka darasani, na mwalimu humwona mara moja. Msichana mara nyingi hukaa kimya akitazama dirishani; daftari lake halikamiliki, naye huitwa mzembe. Wengi wa wasichana hao hutambuliwa wakiwa watu wazima, pengine baada ya miaka 40, wakati estrojeni inaposhuka na mbinu walizozitumia maisha yao yote zinaposhindwa.

Je, daktari atatofautishaje hali hizi mbili? Huuliza zilianza lini. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Usahaulifu ulioanza ukubwani hutafutiwa chanzo kingine. Ripoti ya zamani ya shule, yenye maneno kama "ana akili lakini hasikilizi", yaweza kuwa ushahidi wa kitabibu.

Kileo

Pombe huleta usingizi upesi, lakini huukatiza usiku wa manane. Tena, mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume mwenye uzito uleule. Kwa hiyo kikombe kile kile huacha alkoholi nyingi zaidi katika damu yake. Watu wenye upungufu wa umakini wamo katika hatari kubwa zaidi ya kutawaliwa na kileo. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, lakini marufuku hayo hayakugusa pombe ya chupa wala ya kienyeji.

Kuacha pombe kuna faida kubwa, ila aliyekunywa kwa wingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Ubongo uliozoea kutulizwa na kileo huchachamaa: mikono hutetemeka, huweza kufuata degedege na kuweweseka, na mara nyingine kifo. Mtu huyo aende hospitali kwanza. Baada ya kukaa kwa muda bila pombe, umakini wake hupimwa upya, maana sehemu ya usahaulifu huenda ilitokana na kileo chenyewe.

Umri Wenye Kazi

Je, mwanamke aliyekoma hedhi amekwisha? Ushahidi wa kinyume chake umo katika mkoa huohuo. Wahadzabe huishi katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, na kandokando ya Ziwa Eyasi. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliwachunguza Wahadzabe, wakaona kwamba wanawake waliopita umri wa kuzaa walichimba mizizi ya chakula kwa saa nyingi zaidi kuliko mama vijana, wakawalisha wajukuu. Yumkini maisha marefu baada ya hedhi, yasiyopatikana kwa wanyama walio wengi, yalimfaa binadamu tangu kale.

Mwalimu ana sehemu yake katika jambo hili. Anapomwona msichana mwerevu asiyemaliza kazi, na aandike alichokiona badala ya kuandika tusi. Miaka 30 baadaye, maneno hayo yaweza kumwelekeza daktari kwenye tiba.