Uigaji mseto wa tetemeko la ardhi

Uigaji mseto ni njia ya kupima uimara wa majengo na madaraja dhidi ya matetemeko ya ardhi kwa kuunganisha jaribio la maabara na hesabu za kompyuta. Sehemu moja ya jengo huundwa kweli na kusukumwa kwa mashine, na sehemu iliyobaki huwakilishwa na programu. Pande hizo mbili hupeana taarifa hatua kwa hatua mpaka tetemeko zima limalizike.

Sababu za kuitumia

Meza kubwa ya kutikisa majengo iliyoko Miki, Japani, iitwayo E-Defense, ina ukubwa wa mita 20 kwa 15 na hubeba hadi tani 1,200. Hata hivyo haiwezi kubeba daraja refu zima. Mfano mdogo nao hauvunjiki sikuzote kama kitu chenyewe. Kwa upande mwingine, kompyuta peke yake hutegemea milinganyo, na ni vigumu kueleza kwa milinganyo jinsi zege linavyopasuka au chuma kinavyojikunja. Kwa hiyo sehemu yenye mashaka hupelekwa maabara, na ile inayofahamika vizuri huachiwa kompyuta.

Jinsi inavyofanya kazi

Kompyuta hutumia rekodi ya tetemeko kukokotoa umbali ambao nguzo ingesogea katika sehemu ndogo ya sekunde. Jeki za haidroli huisukuma nguzo ya maabara umbali huo. Vihisio hupima kani ambayo nguzo inatumia kupinga, na kipimo hicho hurudishwa kwenye kompyuta ili kukokotoa hatua inayofuata.

Kwa kuwa athari za inesha hukokotolewa, jaribio linaweza kwenda polepole: tetemeko la nusu dakika huweza kuchukua saa kadhaa, na wahandisi hupata nafasi ya kukagua nyufa. Lakini kifaa ambacho upinzani wake hutegemea kasi, kama kipunguza mitikisiko cha majimaji, hupaswa kujaribiwa kwa kasi halisi.

Programu

OpenSees, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni programu huria inayokokotoa mwenendo wa majengo wakati wa tetemeko. OpenFresco, iliyotokana na kazi ya Yoshikazu Takahashi, Gregory Fenves, Andreas Schellenberg na Stephen Mahin, ni kiungo kati ya programu ya hesabu na mitambo ya maabara. Mhandisi akibadilisha mitambo, halazimiki kuandika upya programu yote. UI-SimCor ya Chuo Kikuu cha Illinois huratibu sehemu zilizo katika maabara na kompyuta mbalimbali kupitia mtandao.

Historia

Njia hii ilianza Japani. Mwaka 1969 Motohiko Hakuno na wenzake walitumia kompyuta ya analogi. Mwaka 1975 Koichi Takanashi na wenzake walitumia ya kidijitali. Nchini Marekani, Julai 2003, jaribio lililoitwa MOST liliunganisha nguzo zilizokuwa katika maabara za Illinois na Colorado. Mtandao wa NEES, uliokuwa na maabara 14, ulieneza matumizi yake kuanzia mwaka 2004 hadi 2014.

Mipaka

Kosa dogo huweza kukua, kwa sababu kila hatua hutegemea iliyotangulia. Jeki ikichelewa hata kwa sehemu chache za elfu za sekunde, hesabu huingiza nishati ambayo haikuwepo katika tetemeko, na nguzo huweza kuharibiwa na jaribio lenyewe. Ndiyo maana OpenFresco huruhusu mazoezi ambamo nguzo nayo ni ya kompyuta, kabla ya kuwasha mitambo.

Aidha, matokeo hayawezi kuwa sahihi kuliko sehemu iliyokokotolewa. Ikiwa msingi wa daraja umewakilishwa vibaya katika programu, nguzo halisi itasukumwa isivyo, na daraja dhaifu laweza kuonekana salama.