FEZA NA AMANI YA NYUMBA

Mama, ukileta mutoto kupima kilo, munganga anatazama karte yake, halafu anatazama wewe pia. Wakati mwingine mutoto hana malaria, hana kuhara, lakini haongezeki vizuri. Tukiuliza polepole, mama anajibu: "Nyumbani hatusikilizani. Kila magaribi ni kelele ju ya feza." Basi leo tuzungumuze ju ya jambo hili.

Kelele inatoka wapi?

Zamani, kwa kambi za Union Minière, na kisha Gécamines, kampani ilitoa posho kwa familia ya mufanyakazi. Iliweka pia masomo na hospitali. Baba alileta, mama alipika. Katika miaka ya 1990 kazi ya Gécamines ilianguka, mishahara ikakosa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mupango wa kuondoka kwa mapenzi. Leo wababa wengi wa Kolwezi wanachimba wenyewe: siku moja wanapata, siku tatu bure. Mama anauzisha makala, sombe au mikate, na bukari ya watoto inatoka kwake. Baba anaona haya, mama anachoka, na matusi yanazaliwa. Adui si bwana yako, wala si wewe. Adui ni feza isiyo na siku.

Kelele inafanya nini mwilini?

Mama mwenye woga ao hasira, maziwa yake hayakauki. Lakini yanachelewa kutoka wakati mutoto ananyonya. Mutoto analia, mama anafikiri maziwa imeisha, anamupa uji mbele ya miezi 6, na kuhara inaingia. Mutoto mukubwa naye halali vizuri. Pengine anaanza tena kukojoa kitandani.

Nini ya kufanya?

1. Musianze maneno ya feza mulangoni. Baba avue nguo za shimoni inje, aoge, ndipo abebe mutoto. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa Kasulo, hapa Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita watoto wa pahali pasipochimbwa. Vumbi inaingia pamoja na nguo.

2. Muchague siku moja kwa juma, mukisha kula, muhesabu pamoja. Kila mumoja aonyeshe feza yake, ya shimo na ya soko. Mutenge kwanza chakula, dawa na masomo. Feza ya kufichwa, siku itakapoonekana, inavunja imani.

3. Useme uchovu wako, usimuseme mutu. "Nimechoka, nisaidie" inafungua sikio. "Wewe ni mutu bure" inalifunga. Baba naye afanye vilevile.

4. Upumzike. Kijana mwanaume anaweza kuchota maji sawa na dada yake. Baba anaweza kubeba mutoto wakati unapolala kidogo. Mama mwenye mimba asioshe madini.

Mama, usikie vizuri: mashauri haya si ya kukuomba uvumilie fimbo. Kama bwana anakupiga, si kosa lako. Umwambie munganga ukiwa naye peke yenu, na mujulishe pia ndugu unayemutegemea.

Tena, kama umezaa na huzuni inapita majuma mawili, huwezi kulala hata mutoto analala, ao unawaza kujiumiza wewe ao yeye, usingoje siku ya kilo. Kuja leo. Ni ugonjwa, una matunzo, na mama wengi wamepona.

Mara ijayo ukuje na baba ya mutoto. Benchi yetu ina nafasi yake pia.