Masalio ya Siku

Aghalabu mtu anayelalamikia ufupi wa umri hulalamikia kitu asichopata kukipima. Maana ukimwuliza saa zake za jana zilikwendaje, atakuhesabia kazi ya mwajiri, mwendo wa kwenda na kurudi, chakula na usingizi, kisha atafika kwenye saa mbili tatu asizoweza kuzitolea hesabu. Saa za mwajiri zimekwisha kununuliwa, na za usingizi ni haki ya mwili. Lakini hayo masalio ya siku ni mali ambayo mnyonge huweza kuitumia kwa azma yake mwenyewe bila ya kumwomba mtu ruhusa. Watu wawili walioishi mbalimbali kwa nchi na kwa zama, wote watumishi wa serikali, walifanya kwa masalio hayo kazi iliyowashinda wengi wenye mchana kutwa mikononi mwao.

Mmoja ni wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasomeshwa Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia ukarani katika idara ya forodha. Alitumika Pangani, akahamishiwa bara, akarejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya na ile ya upimaji wa ardhi, na utumishi huo ukadumu zaidi ya miaka thelathini. Karani wa serikali ya kikoloni hakuwa mtu wa wasaa: mchana wake ulikuwa wa madaftari, stakabadhi na amri za wakubwa, na barua ya uhamisho iliweza kumfikia wakati wowote, akafungasha vyombo na watoto akaenda asikokujua. Hata hivyo, ndani ya miaka hiyo hiyo vilitoka vitabu vyake *Pambo la Lugha* mwaka 1947, *Maisha Yangu* mwaka 1949, *Kusadikika* mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, nisitaje mashairi na insha zake nyingine.

Ili msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la miujiza, na tuutazame *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, alioutunga juu ya vita kuu ya pili ya dunia, wenye beti zipatazo 3,000. Ubeti wa utenzi kwa kawaida una vipande vinne, na kila kipande mizani minane. Mtu anayetunga beti tatu kila usiku, yaani vipande kumi na viwili tu, akifuata vina vyake na kuifuta ile mistari iliyopinda, humaliza kazi ya ukubwa huo katika siku elfu moja, ambazo hazitimii miaka mitatu. Sisemi kwamba mtungaji alijiwekea kipimo hicho. Nasema kwamba hesabu ya namna hii humwondolea mtu hofu, kwa kuwa beti elfu tatu zikitazamwa kwa pamoja humtisha hata fundi, ilhali beti tatu hazimtishi mwanafunzi.

Wa pili ni Anthony Trollope wa Uingereza, aliyeingia utumishi wa posta mwaka 1834 na kutoka mwaka 1867, mkaguzi aliyezunguka nchi kwa farasi na kwa gari moshi, na ambaye alishiriki kuyaleta yale masanduku ya barua yanayosimamishwa njiani. Riwaya zake zilifika 47. Siri yake aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake: saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, na saa yake ya mfukoni mbele ya macho yake, akijitoza maneno 250 kila robo saa, hata ikawa anapoketi kufungua kinywa yeye na jamaa zake, kazi yake ya uandishi imekwisha na ya posta haijaanza. Akiwa safarini aliandika ndani ya behewa kwa penseli. Na akimaliza riwaya moja, hakukawia kuanza nyingine.

Ungamo hilo lilimwangusha machoni pa wahakiki, waliokuwa wakiamini kwamba kazi ya sanaa huja kwa ilhamu, nao wakaona haya kusifu vitabu vilivyopimwa kwa dakika. Mimi naona waliikodolea macho saa wakaacha jambo lenye manufaa zaidi: nusu saa ya kwanza ya kila alfajiri Trollope hakuandika lolote, bali aliyasoma yale ya jana, akayasikiliza kwa sikio lake, ndipo akaendelea. Mwenye masalio ya siku hupoteza zaidi katika kutafuta alipoachia kuliko katika kazi yenyewe. Akishaupata uzi, hata saa moja humtosha.

Wala wasaa peke yake hauzai kitu. Mwaka 1955 mwanahistoria C. Northcote Parkinson aliandika, kwa mzaha uliobeba kweli nyingi, kwamba kazi hutanuka kadiri ya muda iliopewa. Na kila aliyepata kumwona mstaafu akimaliza asubuhi nzima kwa kupeleka barua moja atamsadiki. Ndiyo sababu siwi mwepesi kumhimiza kijana aache ajira ili aishi kwa makusudi yake. Shaaban Robert mwenyewe, katika *Utubora Mkulima*, alimchora mtu aliyeacha kazi nzuri ya ofisini akaenda kulima shamba, na amempamba kwa mapenzi ya dhahiri. Lakini aliyemchora alibaki karani kwa zaidi ya miaka thelathini. Alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na kitabu hicho hakikuchapishwa hadi 1968. Makusudi hayakumpa dhamana ya kuiona kazi yake yote imechapishwa.

Kuna deni moja ambalo sifa za watu kama hawa hulifunika, nalo ni kwamba masalio ya siku ya mtu mmoja mara nyingi hupatikana kwa kula siku ya mwingine: yuko anayepika, anayemnyamazisha mtoto, anayechota maji. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina akabaki na malezi, na katika tenzi zake mbili zinazojulikana sana, *Hati* aliiandika kwa ajili ya binti yake na *Adili* kwa ajili ya mwanawe. Hivyo saa alizowanyima kwa kuandika aliwarudishia kwa maandishi, ingawa mtoto pengine angependelea kuzungumza naye. Trollope naye alikuwa na mkewe Rose wa kumnakilia yale maandishi ya penseli, na mtumishi mzee, mtunza farasi, aliyeongezewa paundi tano kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa gizani, na ambaye hakuchelewa hata asubuhi moja. Katika kitabu kile kile Trollope alikiri kwamba pengine hakuna mtu aliyemwia deni kubwa zaidi kwa mafanikio yake kuliko mzee huyo, ingawa hakueleza mzee alilala saa ngapi.