Akiba ya Kijidudu

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nilidhani maneno hayo ni ya akina mama na gunia la mahindi, kumbe hata bakteria huweka akiba!

Sisi wa Rhonda tumepakana na Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mwaka wa 2015 ugonjwa wa kimeta uliua nyati kwa mamia humo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka baba alikataa nyama nyumbani. Nikawa najiuliza, nyati wameshakufa, sasa hofu ni ya nini?

Hofu ni ya spora. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, akikosa chakula hafi hivi hivi. Hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala udongoni makumi ya miaka. Robert Koch, Mjerumani, alilieleza jambo hilo mwaka wa 1876.

Lakini kujenga ganda ni kazi, na kazi yataka nguvu. Baadhi ya ndugu za kijidudu hiki hujiwekea chembe za akiba mwilini. Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua akiba hiyo mwaka wa 1926 katika Bacillus megaterium. Sisi twaweka mafuta tumboni (wengine kupita kiasi!), wao huweka plastiki. Naam, plastiki, molekuli zilizoungana kama shanga, kwa kifupi PHB. Ila hii huoza, si kama ile mifuko iliyoziba mitaro yetu hadi ikapigwa marufuku Agosti 2017.

Nani huamua saa ya kuweka akiba? Jeni. Katika Bacillus thuringiensis, ndugu wa karibu sana wa yule wa kimeta, kuna protini iitwayo Spo0A. Chakula kikianza kupungua huamka na kuwasha jeni nyingine, kama mwalimu wa zamu anavyopiga kengele. Ndiyo huanzisha kazi ya spora, na bila hiyo akiba ya PHB huwa haba mno. Yaani mwenye ufunguo wa ghala ndiye fundi wa nyumba. Spora ikijengwa, akiba huliwa.

Basi mbuzi akifa ghafla, damu ikamtoka puani bila kuganda, asichunwe. Ukimpasua, bakteria wa kimeta hupata hewa, na bila hewa hawawezi kutengeneza spora. Nilipomweleza baba alinyamaza kidogo, kisha akavaa viatu kwenda kwa jirani anayelisha mbuzi kando ya ua wa mbuga.