Kikohozi cha Mtoto Usiku: Kiandikwe Kabla Hakijasahaulika

Wazazi wa Moshi mjini na wa vijiji vya Machame, Kibosho na Marangu wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Milango hufungwa mapema, moto wa kuni huachwa ukifuka jikoni, na watoto hulala wamejikunyata. Mtoto mwenye maradhi ya kifua ya muda mrefu, aliyecheza mchana kutwa, huanza kukohoa usiku wa manane hadi Alfajiri, kisha jua likichomoza hutulia kana kwamba hana neno.

Hapo ndipo penye mtihani. Njia za hewa za mwenye pumu husinyaa zaidi usiku, na mchana huweza kufunguka hata daktari asisikie kitu kifuani. Akiulizwa, mama hujibu: "Anakohoa sana." Mara ngapi? Tangu lini? Jibu hukosekana. Watafiti waliolinganisha maelezo ya wazazi na kikohozi kilichorekodiwa usiku kucha wamekuta kuwa mara nyingi hayalingani, nasi hatushangai: aliyechoka husinzia, na mwenye hofu husikia kikohozi kimoja kuwa viwili.

Tunashauri daftari la shule liwekwe karibu na kitanda. Kiandikwe kikohozi cha baada ya Isha, cha usiku wa manane na cha Alfajiri. Kama ni kikavu au cha makohozi, kama kifua kinapiga mluzi, kama mtoto aliamka, na kama jioni ile alikaa penye moshi. Baba naye ashike zamu, si mama peke yake. Mwenye simu arekodi sauti hiyo, daktari aisikie mwenyewe.

Mtoto akiwa ametulia, zihesabiwe pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40, anapumua kwa haraka na apelekwe kituoni. Kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kunyonya au kunywa, daftari liachwe, akimbizwe hospitali usiku huo huo.

Kikohozi kipya kilichofikisha wiki 2 kisingoje kurasa zijae. Mtoto apimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake nchini ni bure. Hata aliyekwisha kupona ugonjwa huo aweza kubaki na makovu mapafuni na kukohoa kwa miaka.

Daftari liandamane na mtoto kutoka zahanati hadi Mawenzi, na ikibidi hadi KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, maana kila kituo kina daktari anayeanza kuuliza upya. Akipewa dawa ya pumu ya kuvuta, uandishi usikome. Ikiwa alikohoa siku tano katika wiki ya kwanza na siku moja katika wiki ya nne, dawa inafanya kazi. Idadi isiposhuka, daktari ataomba kwanza aone namna mtoto anavyoivuta.