Mbona Thika Road Iko Fiti na Mtaa Wenu Ruiru ni Matope? Fuata Doh

Wasee wa Ruiru na Thika mnaijua hii stori. Mat inateleza Thika Road poa, halafu ukishuka Kimbo na ukate ndani kidogo, mvua ikiwa imenyesha unavua viatu. Mtaani watu husema mhesh amelala. Saa zingine ni ukweli. Lakini hizo barabara mbili hulipwa na mifuko tofauti kabisa, na kila mfuko una mwenyewe.

Tuanze na Thika Road. Ni kama kilomita 50, ilikula karibu bilioni 31, na Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012. Sehemu kubwa ya hiyo chapaa ni mkopo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilishika upande wa tao mpaka KU, Exim Bank ya China ikashika KU mpaka Thika. Sasa, mkopeshaji wa aina hiyo hana haja na kichochoro cha Membley. Anataka barabara ya kubeba biashara, na hii ndio njia ya kwenda mpaka Moyale, Ethiopia iko hapo ng'ambo. Ruiru ilikuwa tu njiani, bahati yetu.

Mfuko wa pili ni wako. Kila lita ya petroli au dizeli ina ushuru wa kutengeneza barabara. Ulikuwa bob 18, Julai 2024 ukapanda hadi 25. Usiseme huna gari, wewe hulipa kwa fare. Tuseme mat ya Thika imejaza lita 40: hapo ngiri moja imeenda.

Hiyo doh huingia kwa Bodi ya Barabara, ndio iwagawie KeNHA wa barabara kuu, KURA wa mijini na KeRRA wa mashinani. Kuna asilimia 22 ambayo sheria inasema maeneo bunge yote yagawane sawa sawa. Hapo ndio Ruiru huumia. Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 370,000 Ruiru. Lamu Mashariki walikuwa kama 22,000. Mgao ni ule ule. Watu wa Lamu watakuambia wamesahauliwa miaka mingi, na hawadanganyi, lakini bado hiyo hesabu haiingii akilini.

Na si bob 25 zote hugusa lami. 2025 serikali iliamua bob 7 za kila lita ziwekwe rehani ndio ipate pesa ya kulipa madeni ya wakandarasi, kitu bilioni 175. Kwa zile lita 40, bob 280 zinalipia kazi ya zamani.

Mradi ukikosa mfuko wa uhakika, mnajua venye huenda. 2017 iliundwa NaMATA ya kupanga usafiri wa kaunti tano, Kiambu ikiwemo. 2018 Thika Road ikapakwa laini nyekundu ya mabasi ya kasi. Rangi tulipata. Vituo vilianza kujengwa, kazi ikakwama.

Barabara ya ndani ya mtaa, hiyo mara nyingi ni ya kaunti. Na kaunti huchagua kwa makaratasi, mapema sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Kabla ya hapo lazima wananchi waitwe watoe maoni. Ile mikutano huwa na wazee kumi na viti vya plastiki, vijana wote wako job ama TikTok. Barabara yenu isipoandikwa kwa huo mpango, kupigia MCA kelele mwezi wa sita ni kama kusimamisha mat ikiwa imeshatoka stage.

Kwa hivyo uliza kwanza hiyo barabara ni ya nani: KeNHA, KURA, KeRRA ama kaunti. Halafu ukienda mkutanoni usiseme "tunataka barabara". Itaje kwa jina, inaanzia wapi na kuishia wapi, na uhakikishe imeandikwa ukiwa hapo.