MBWA NI WAKO, HATARI NI YETU SOTE
Wajibu wa mwenye mbwa na vita dhidi ya kichaa cha mbwa katika vijiji vya Mamboya

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani zipo bustani zilizozungushiwa uzio ambako watu hupeleka mbwa wao kukimbia na kucheza. Mlangoni huwekwa kibao cha masharti: mbwa awe amechanjwa, awe na mkanda shingoni, mwenyewe asiondoke akamwacha peke yake, na mbwa mgonjwa au mkali asiingizwe kabisa. Huku kwetu Mamboya hatuna bustani ya namna hiyo wala hatuihitaji. Lakini mbwa wetu nao hukutana na watu, na hukutana wao kwa wao: kisimani, gulioni, machinjioni, kwenye njia ya shule, na hata nje ya kanisa wakati ibada inaendelea. Tunaweza kusema kwamba kijiji kizima ndiyo bustani yao, ila kibao cha masharti ndicho kinachokosekana.

Makala hii inaeleza hatari iliyopo, wajibu wa kila anayefuga mbwa, na kazi ambayo kamati ya parishi inaweza kuifanya bila kusubiri mradi mkubwa. Inawahusu pia wafadhili wetu, ambao wangeweza kuuliza kwa nini shirika la maendeleo la kanisa lijishughulishe na mbwa.

Kwa nini tunafuga mbwa

Mkulima wa milima ya Ukaguru hafugi mbwa kwa anasa. Mahindi yakikomaa, nyani, ngedere na nguruwe pori hawangoji mwenye shamba aamke. Mbwa ndiye mlinzi wa shamba usiku na mchana. Kwa mfugaji wa mbuzi na ng'ombe, mbwa hutoa taarifa fisi anapokaribia zizi. Kwa hiyo anayesema dawa ya tatizo hili ni kuwaua mbwa wote anasema jambo ambalo wananchi hawatalikubali. Tena, kama tutakavyoona, jambo hilo halisaidii.

Tatizo ni kwamba mbwa wengi wana mwenyewe wakati wa kulinda tu, lakini hawana mwenyewe wakati wa kulishwa, kuchanjwa na kufungwa. Akifukuza nyani ni mbwa wa Mzee fulani. Akimng'ata mtoto wa jirani, kila mtu anasema hamjui.

Kichaa cha mbwa ni nini

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaosababishwa na kirusi kinachoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi huingia mwilini kwa njia ya jeraha la kung'atwa, au mate yanapogusa mchubuko, jicho au mdomo. Kikishaingia hakikimbilii kwenye damu kama malaria. Husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Jeraha la kichwani au usoni huwa na hatari zaidi, kwa kuwa njia ya kufika kwenye ubongo ni fupi. Ndiyo maana watoto, ambao kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa, wako hatarini kuliko watu wazima.

Dalili zikishaanza kwa binadamu (kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuweweseka), karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji inayotegemewa kumrudisha. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika karibu kwa asilimia 100. Nafasi ya kuokoa maisha ipo katika ule muda ambao kirusi bado kiko njiani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, karibu 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba vifo vilifika kiasi cha 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea kijijini bila kuandikwa popote.

Namna ya kumtambua mbwa mgonjwa

Wengi wetu tunatazamia kuona mbwa anayekimbia huku povu linamtoka na kung'ata kila anachokutana nacho. Yuko wa namna hiyo. Mbwa aliyekuwa mpole huwa mkali ghafla, hung'ata miti na mawe, hubadilika sauti na hutembea mbali na kwao. Lakini yuko mwingine ambaye ni hatari zaidi kwa sababu hatishi. Huyu hupooza. Taya hulegea, mate humtoka, na huonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Mwenyewe kwa huruma huingiza mkono mdomoni autoe mfupa, kumbe anajipaka kirusi. Usiingize mkono katika mdomo wa mbwa mwenye dalili hizo. Pia usimpime mbwa kwa kumwonyesha maji. Hofu ya maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuvuka mto.

Mtu aking'atwa afanye nini

1. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kazi hii inafanyika nyumbani, haina gharama, na huondoa sehemu kubwa ya virusi. Asipake majivu, pilipili, mafuta wala jiwe la kienyeji.

2. Aende kituo cha tiba siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa awamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 umeruhusu ratiba fupi ya sindano za kwenye ngozi siku ya 0, ya 3 na ya 7. Zipo pia ratiba ndefu zaidi. Mganga ndiye atakayeamua, na ataangalia pia kinga ya pepopunda. Mwenye jeraha baya anaweza kuhitaji kingamwili za ziada. Jambo kubwa ni kumaliza sindano zote. Wako wanaopata ya kwanza, wakaona jeraha limepona, wakaacha.

3. Atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Mifugo. Kama mbwa anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi katika mate siku aliyong'ata, na mganga anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano zianze. Zisingoje siku 10 ziishe.

Hapa ndipo ukweli wa mwenye mbwa unapookoa maisha. Akimficha mbwa wake, au akimuua na kumzika usiku kwa kuogopa fidia, familia ya aliyeng'atwa haitajua lolote. Akijitokeza na kusema, "Ni mbwa wangu, amechanjwa, kadi yake hii," anaweza kuondoa hofu ya nyumba nzima.

Kuua mbwa hakumalizi ugonjwa

Kichaa kilipoingia katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 1997, mbwa wengi mno waliuawa ili kukikomesha, lakini ugonjwa uliendelea. Sababu inaeleweka. Mbwa wakipungua, watu huleta wengine kutoka mbali, wengi wao wadogo na wasiochanjwa. Aidha, wanaouawa kwanza ni wale wanaopatikana kwa urahisi, ambao pengine ndio waliochanjwa.

Chanjo hufanya kazi kwa njia nyingine. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja hadi wawili kabla ya kufa. Kama mbwa 7 kati ya kila 10 wamechanjwa, mara nyingi atakayemng'ata atakuwa na kinga, na mnyororo utakatika. Tunalenga asilimia 70 kwa sababu ndani ya mwaka mmoja mbwa wengi hufa na wengine huzaliwa, na kinga ya kijiji hupungua. Kwa hiyo chanjo hurudiwa kila mwaka. Watoto wa mbwa nao wachanjwe. Wasiachwe nyumbani kwa kisingizio kwamba bado ni wadogo.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwaka 2010 chanjo ya mbwa ilitolewa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Kampeni ziliposimama, kichaa kikarudi mwaka 2016 kikitokea bara. Chanjo ikaanza upya, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 kikawa kimeondolewa tena. Tunajifunza mambo mawili: ugonjwa huu unaweza kwisha, na unaweza kurudi tukilala.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani nasi, na magonjwa ya mbwa hayajui mpaka wa hifadhi. Huko Serengeti mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba.

Sheria na Maandiko

Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Serikali ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo, ambazo huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji kinaweza kuamua kwamba kila mbwa aandikishwe, achanjwe kila mwaka na afungwe saa za wanafunzi kwenda na kurudi shuleni.

Kwa mkristo jambo hili si geni. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 21 tunasoma habari za ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa na asimfunge, lawama ya kifo inamrudia yeye. Msingi wake ni kwamba kujua hatari na kukaa kimya ni kosa. Anayejua kwamba mbwa wake ni mkali au hajachanjwa hawezi kusema ni bahati mbaya.

Kamati ya parishi ifanye nini

Kwanza, iandike idadi ya mbwa kwa kila kaya, mtaa kwa mtaa. Bila idadi, Afisa Mifugo hawezi kuagiza chanjo ya kutosha, wala hatutajua kama tumefika asilimia 70.

Pili, ipange siku ya chanjo pamoja na Afisa Mifugo na viongozi wa kijiji, na iitangaze kanisani, msikitini, shuleni na gulioni. Kichaa hakichagui dini. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni wakati mzuri. Kila mbwa aletwe na mtu mzima, akiwa amefungwa kamba, wasitumwe watoto.

Tatu, itunze daftari la mbwa waliochanjwa, na kila mwenye mbwa apewe kadi.

Nne, wahudumu wa shule ya Jumapili wawafundishe watoto wasichokoze mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na waseme nyumbani wanapong'atwa hata kama walikuwa na kosa. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha jeraha.

Tano, parishi itenge akiba ndogo ya nauli. Familia nyingi hazikatai chanjo. Hukosa pesa ya kurudi kituoni mara ya pili na ya tatu.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: dozi ya mbwa mmoja ni rahisi mara nyingi kuliko sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa. Mchango unaolipia mafuta ya pikipiki ya mchanjaji, kasha la baridi na mabomba ya sindano humlinda mtoto kabla hajang'atwa. Dunia imeweka lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo litafikiwa au litashindikana katika vitongoji kama vyetu.

Tunaomba kila kamati ilete suala hili katika kikao chake kijacho na kuanza na hatua ya kwanza: daftari moja, kalamu moja, na kuhesabu mbwa. Mungu awabariki mnapowalinda wadogo wake.